Nafunga saa 16 na nimeacha ugali, mizani imegoma kwenye 88 na kizunguzungu kimeanza. Nimekosea wapi?

MamaKelvin_Ilazo:

Wanajukwaa, habari za jioni. Naomba mnivumilie kwa urefu, nimeandika kila kitu ili nisijibiwe nusunusu.

Nina miaka 43, mtumishi wa serikali, naishi Ilazo na kazini kwangu ni Mtumba. Nilihamia Dodoma 2017 wizara zilipohamishwa, nikiwa na kilo 72. Dar nilikuwa natembea: kuifuata daladala, kusimama kituoni, kushuka na kuunga safari. Huku gari la ofisi linanichukua saa 12:40 asubuhi hatua chache kutoka nyumbani na jioni linanishusha palepale. Chai ya saa 4 ilikuwa chapati mbili na supu, au maandazi matatu na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari. Mchana wali au ugali kwa mama lishe, sahani imejaa. Usiku ugali tena.

Mwezi wa sita mwaka huu nilipanda mizani kliniki, 94. Urefu wangu ni mita 1.61. Daktari alichukua kikokotoo akanionyesha: 94 ugawe kwa 1.61 mara 1.61, jibu 36 na kitu. Akasema ukishafika 30 huo si mwili mkubwa tu, ni unene wa kutibiwa. Presha ninayo tangu 2021, nameza vidonge viwili kila asubuhi, amlodipini na kile cha kukojoa. Sukari nilipima iko sawa. Ila baba yangu alifariki kwa kisukari. Mguu ulikatwa kwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nambadilishia bandeji kila jioni kwa miezi minne. Kwa hiyo jambo hili kwangu si la urembo.

Nilianza katikati ya Julai. Nakula kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, saa 16 zinazobaki ni maji na chai ya rangi bila sukari. Nimeacha ugali, wali, chapati, viazi, mihogo, soda na sukari ya chai. Mchana ni nyama au perege wa Mtera, mchicha au figili, na nusu parachichi. Saa 10 jioni natafuna karanga. Usiku mayai mawili au kipande cha kuku, mlenda, na matunda.

Wiki ya kwanza zilishuka kilo 3 na nusu, sikuamini. Wiki ya tatu nikawa 88.5. Tangu hapo, wiki nne mfululizo, nimeandika kwenye daftari: 88.9, 88.4, 88.8, 88.6. Hakuna kilichobadilika, sijala hata kipande cha chapati.

La pili ni mwili. Nikiinuka ghafla naona giza. Jumanne iliyopita kikao kilipoisha nilisimama ikabidi nishike ukuta, wenzangu wakadhani nina mimba. Usiku misuli ya ndama inakaza hadi naamka.

La tatu ndilo linaloniumiza zaidi. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Mvumi katikati ya Agosti, kaleta debe la unga wa uwele na mlenda mkavu alioanika na kuutwanga mwenyewe. Kwetu chakula cha usiku ni saa 3, mume wangu akisharudi. Saa hiyo mimi nimeshafunga, nakaa nao na glasi ya maji. Siku ya tatu alimuuliza mwanawe kitu kwa Kigogo, wote wakanyamaza. Mume wangu alinitafsiria baadaye chumbani: aliuliza chakula chake kina uchafu gani.

Naombeni msaada. Je, ugali wa uwele au mtama naruhusiwa, maana nasikia hauna wanga kama sembe? Na kuna mtu kwenye kundi letu la WhatsApp anauza unga wa kukata kitambi, shilingi 150,000 kopo moja, anasema mizani ikigoma ndiyo dawa yake. Ninunue?

Dereva_wa_Manyoni:

Dada pole, na hongera. Kilo 5 na nusu si kidogo.

Mimi naendesha lori la alizeti, Singida na Dodoma. Nilikuwa kilo 112, sasa 97, imenichukua mwaka mmoja na miezi miwili. Nilianza baada ya kumsikia Profesa Janabi, yule daktari bingwa wa moyo, redioni akisisitiza watu wapunguze sukari na wanga na waache kula kila saa. Nikajitazama: nilikuwa nakula kila gari linaposimama. Manyoni chapati, Bahi wali, na soda mkononi kuanzia asubuhi. Nilichofanya ni kuchagua vituo viwili tu vya kula. Saa 5 asubuhi nikifika Manyoni naagiza supu ya mbuzi na mayai mawili ya kuchemsha. Saa 12 jioni nyama choma au kuku wa kienyeji na kachumbari nyingi, mboga za majani kama zipo. Katikati maji. Wahudumu walinishangaa mwezi wa kwanza, sasa wakiona lori linaingia wanaweka mayai jikoni.

Sasa hizo kilo tatu na nusu za wiki ya kwanza usizihesabu kama mafuta, ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Mwili unatunza wanga kwenye ini na kwenye misuli, wanaita glaikojeni, na kila gramu moja inashikana na maji kama gramu 3. Ukiacha ugali, akiba ile inatumika na maji yake yanatoka. Mafuta yenyewe hayana haraka hiyo. Mimi wiki ya kwanza nilipoteza kilo 4, baada ya hapo ikawa kilo moja kwa mwezi, miezi mingine sifuri.

Kizunguzungu nilikipata pia. Weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye lita ya maji, kunywa asubuhi. Siku ileile kinaisha.

Ugali wa uwele ni ugali, usidanganyike. Na ule unga wa kopo usinunue. Mimi nilinunua wa kwangu kwa 120,000, nikaharisha njia nzima kutoka Itigi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:

Mama Kelvin, kabla ya kunywa hayo maji ya chumvi nisikilize. Kaka dereva amekwambia kilichomsaidia yeye, na kwa mtu asiye na presha wala dawa mara nyingi ni kweli kinasaidia. Wewe una presha na unameza dawa ya kukojoa. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, na si tatizo la chumvi peke yake.

Mtu akipunguza wanga sana, insulini, ile homoni inayosimamia sukari kwenye damu, inashuka. Insulini ikishuka, figo zinaachia chumvi nyingi zaidi kupitia mkojo, na maji yanafuata chumvi. Dawa yako ya kukojoa inafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo tangu Julai unakamua maji na chumvi kwa mikono miwili. Juu ya hayo umepungua kilo tano, na kupungua kwenyewe kunashusha presha. Dozi uliyoandikiwa ukiwa 94 na chapati mbili za saa 4 huenda sasa ni kubwa kwako. Ile giza ukisimama ni damu kuchelewa kufika kichwani. Misuli kukaza usiku, dawa nyingi za kukojoa zinapoteza madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka misuli inakaza. Ikishuka sana moyo unakwenda mrama, hilo si la kusubiri.

Fanya hivi kesho. Kaa kwenye kiti dakika tano, pima presha. Simama, ndani ya dakika tatu pima tena ukiwa umesimama. Namba ya juu ikianguka kwa 20 au zaidi, nenda kliniki siku hiyohiyo na daftari lako. Mwambie daktari wazi kwamba unafunga saa 16 na umeacha wanga. Wagonjwa wengi wanaficha, wanaogopa kugombezwa, na daktari anaandika dawa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Omba upimwe potasiamu na figo. Usiache kidonge mwenyewe, na usikipunguze kwa kukikata nusu jikoni. Nimepokea zamu ya usiku mama aliyeacha vyote viwili kwa sababu "nimeshapungua", kaletwa mdomo umepinda.

Kwa wengine mnaosoma: ukiwa unatumia insulini au vidonge vya kisukari vya jamii ya glibenklamidi, usifunge saa 16 kabla dozi haijapangwa upya. Sukari inaweza kuanguka ukiwa usingizini. Mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto anayekua, msijaribu kabisa.

Chumvi ya kawaida kwenye mboga kula, usiogope. Maji kunywa, kwa upepo huu wa Dodoma wa Agosti na Septemba mtu anakauka bila kutoka jasho. Maji ya chumvi ya makusudi acha hadi upimwe.

Dereva_wa_Manyoni:

Nesi asante. Dada, nisamehe, sikuzingatia ile sehemu ya kidonge. Mfuate nesi.

Kijana_wa_Kondoa:

Mimi naongeza moja tu. Sisi kwetu tunafunga Ramadhani mwezi mzima na wengi tunamaliza na kilo za ziada. Futari ina tambi za sukari, viazi, mihogo ya nazi, uji mtamu, na daku lake. Saa za kufunga peke yake hazipunguzi mtu. Angalia kinachoingia ndani ya zile saa nane.

Mwl_Nzuguni:

Mama Kelvin, umeandika karibu kila kitu kwa vipimo isipokuwa sehemu mbili: "karanga" na "matunda". Karanga kiasi gani? Matunda gani?

MamaKelvin_Ilazo:

Mwalimu, karanga ni zile za kukaanga za pakiti, nakula pakiti mbili, nyingine tatu. Matunda ni zabibu. Jirani ana shamba Mpunguzi, msimu huu wa pili ameleta kreti nzima. Jioni naosha bakuli moja, sijapima, labda nusu kilo. Nilijua matunda hayana shida.

Mwl_Nzuguni:

Ndipo hapo. Sikulaumu, zabibu za msimu huu hata mimi zinanishinda. Lakini tuhesabu pamoja.

Zabibu mbichi gramu 100 zina sukari kama gramu 15 au 16. Nusu kilo ni gramu 75 hadi 80. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni gramu 4 hivi. Kwa hiyo bakuli lako la jioni ni kama vijiko 19 vya sukari. Ulikuwa unaweka vijiko vitatu kwenye chai ukaviacha kwa uchungu, kisha jioni vinarudi 19. Haijalishi kwamba imetoka kwenye tunda zuri la shamba la jirani. Ikiwa lengo lako ni wanga kidogo, bakuli lile moja linatosha kuvunja lengo la siku nzima. Sisemi uache. Kula punje kumi na tano baada ya chakula, si bakuli mbele ya runinga.

Karanga, gramu 100 zina kilokalori kama 570. Wanga wake ni kidogo, ndiyo maana watu wa mlo huu wanazipenda, lakini mafuta ni mengi na mkono hausimami. Pakiti zako sijui uzito wake, ziweke kwenye mizani ya dukani mara moja tu ujue. Ikitimia gramu 100, umekula nishati ya sahani nzima ya ugali bila kuhisi umekula.

Sasa nataka kusema jambo kwa wote, maana mijadala hii huwa inageuka kama ya dini. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha matokeo ya watu 609 waliofuatiliwa miezi 12, nusu walipunguza mafuta, nusu walipunguza wanga. Wa mafuta walipungua wastani wa kilo 5.3, wa wanga kilo 6.0. Kitakwimu tofauti hiyo si kitu. Mwaka 2022 ukatoka utafiti wa Guangzhou, China, watu 139 wenye unene: wote walipunguziwa chakula, kundi moja likala ndani ya saa nane tu, lingine saa yoyote. Baada ya mwaka, kilo 8.0 kwa 6.3, na hapo pia tofauti haikutosha kusema saa ndizo zilizofanya kazi.

Mimi mwenyewe nakula mara mbili kwa siku na ugali nimeupunguza, kwa hiyo sisemi haya kuwapinga. Ninachosoma humo ni kwamba saa na wanga ni njia za kukusaidia kula kidogo bila kuteseka na njaa. Zikikusaidia, zishike. Ila ndani ya zile saa nane ukiingiza zabibu na karanga za kutosha, hakuna saa itakayokuokoa.

Jibu la uwele: unga mkavu wa mahindi, mtama na uwele, wote wana wanga kama gramu 70 na zaidi kwa kila gramu 100. Uwele na mtama usiokobolewa vina nyuzinyuzi na madini kuliko sembe, na vinashibisha kwa muda mrefu. Kwa hiyo tonge moja la uwele ni bora kuliko tonge moja la sembe. Matonge matano ni matano.

La mwisho, mayai mawili usiku ni protini gramu 12 au 13. Ni kidogo kwa mtu anayepungua, misuli nayo inaliwa. Ongeza la tatu, au ongeza dagaa. Na ushuke kwenye gari la ofisi kituo kimoja kabla, utembee.

Bibi_wa_Chamwino:

Mbukwenyi wote.

Mwanangu Mama Kelvin, wamekujibu vizuri habari za dawa na hesabu. Mimi sina elimu hiyo. Mimi nina miaka 66, nimezaliwa Ugogo, na nataka kukwambia habari ya mama mkwe wako, kwa sababu naona hapo hujajibiwa.

Nchi yetu hii mvua ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba, ikikataa imekataa. Bibi yangu alinisimulia Mtunya. Ni njaa iliyokuja wakati Vita ya Kwanza ya Wazungu inaisha, miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, na vijana wakachukuliwa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosa. Watu waliacha nyumba zao wakatawanyika. Mama yake bibi yangu alikuwa na watoto sita, walivuka wawili. Habari hizi tumelelewa nazo. Ndiyo maana kwetu mtu akibeba unga kichwani au kwenye basi kuja kwako, hajaleta chakula tu. Na mlenda ule mkavu usidhani ni mboga ya kawaida: umechumwa mvua ikiwepo, ukaanikwa, ukatwangwa, ukatunzwa kwa ajili ya kiangazi. Amekupa kiangazi chake. Wewe ukakaa mezani na glasi ya maji.

Hakukasirika, mwanangu. Aliogopa. Ameona mkwe wake anakonda, hali chakula, anashika ukuta. Kwetu mtu wa hivyo ni mgonjwa au ana ugomvi na nyumba. Umeshamwambia habari ya mguu wa baba yako? Nadhani hujamwambia. Mwambie wewe mwenyewe, usimtume mume. Kaa naye chini jikoni mkichambua mboga, umwambie ulikuwa unabadilisha bandeji, na kwamba hutaki Kelvin aje akubadilishie wewe. Mama yeyote ataelewa.

Halafu hizo saa zako, nani alikwambia lazima ziishe saa 2? Kama nyumba inakula saa 3, anza kula saa 7 mchana na umalize saa 3 usiku. Si ni nane zilezile? Kaa mezani na watu wako. Chukua tonge moja la uwele, la ukubwa wa ngumi yako. Mlenda hauliwi kwa kijiko ukafurahi, unataka tonge la kuuvutia. Bakuli la mlenda liwe kubwa, utiwe karanga kidogo za kutwanga badala ya zile pakiti za ofisini. Kula polepole, umsifie, maana unastahili sifa. Zamani tulikuwa tunakula namna hiyo, tonge dogo na mboga nyingi, na kutwa tuko shambani na kisimani. Sahani iliyojaa hadi inamwagika imekuja baadaye.

Nesi_Zamu_ya_Usiku:

Bibi, shikamoo. Mama Kelvin, mpango wa saa 7 hadi saa 3 sina pingamizi nao. Ila ukimaliza kula usilale palepale. Presha umepima?

MamaKelvin_Ilazo:

Nimepima asubuhi hii, Nesi. Nimekaa: 112 kwa 70. Nimesimama: 90 kwa 62. Nimeomba ruhusa kazini, naenda kliniki sasa hivi.

MamaKelvin_Ilazo:

Wanajukwaa, nimerudi baada ya wiki tatu, samahani kwa ukimya.

Kliniki nilimweleza daktari kila kitu kama Nesi alivyosema, hadi daftari nikampa. Hakunigombeza. Aliniuliza kwa nini sikumwambia Julai, nikamwambia ukweli kwamba niliogopa ataniambia niache. Potasiamu ilikuwa chini ya kiwango, figo ziko sawa. Alisimamisha kidonge cha kukojoa, amlodipini naendelea nayo, na akanipa dawa ya potasiamu ya siku chache. Akanitaka nipime presha kila asubuhi na kuandika. Siku ya nne kizunguzungu kilikuwa kimekwisha. Misuli imekaza mara moja tu tangu siku ile. Presha yangu ya wiki hii iko kati ya 118 na 126 juu, nimekaa.

Mizani ilipanda kwanza, ikafika 89.4 ndani ya wiki, nikalia bafuni. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba maji yatarudi kidonge kikisimama, lakini kuonywa na kuona ni vitu viwili. Kilichonishikilia ni kadi yangu ya kliniki: mwezi wa sita kiuno kiliandikwa sentimita 109. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikajipima: 103. Leo mizani inasema 87.6.

Mwalimu, pakiti za karanga nilizipima dukani. Tatu ni gramu 135. Nimeacha za ofisini kabisa. Zabibu nahesabu punje, kreti iliyobaki tulitengeneza za kukausha za watoto kupeleka shule. Kituo kimoja kabla natembea jioni, asubuhi bado sijaweza, vumbi na upepo.

Dereva, usijisikie vibaya. Habari ya wiki ya kwanza kuwa ni maji ilinisaidia nisikate tamaa nilipoiona 89.4, nilijua inafanya nini. Na kopo sikununua.

Bibi, shikamoo. Nilifanya ulivyosema. Jumapili baada ya ibada tulikaa jikoni tunachambua majani ya kunde, nikamsimulia habari ya baba. Hakusema kitu muda mrefu. Kisha akaniambia kwamba kaka yake naye alikatwa mguu, Mvumi, na hakuna aliyewahi kuniambia, hata mume wangu hakujua ni kisukari, yeye aliambiwa ni kidonda. Tulilia wote wawili. Sasa yeye ndiye anayenipakulia. Jana aliweka tonge moja, akalitazama, akalipunguza kidogo kwa mkono, akalisogeza kwangu na bakuli la mlenda limejaa. Nimemwomba akapimwe sukari na yeye. Amekubali, twende wote Jumatatu ninaporudi kupima potasiamu.

Nesi, majibu yetu wote wawili nitayaweka hapa.